Springi za Pikapu ya Stanley

Zamani springi ya gari ikichoka hapa Ihanja ilikwenda kwa mhunzi ikawa mapanga. Leo inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mzee Gervas, mhunzi aliyebaki, alikuwa hajapata chuma tangu masika. Aliposikia Stanley anabadilisha springi za nyuma za pikapu yake, aliwasha makaa kabisa, ndipo akaenda gereji.

“Shikamoo, babu. Springi nimeshauza.”

Gervas hakuitikia. “Na panga lako? Mwenye gari hurudishiwa panga.”

“Ninalo la dukani, babu. Tena lina mpini wa plastiki!”

Mafundi wakacheka. Mkokoteni ulikuwa unashika barabara kuu, springi zimefungwa kamba juu yake. Gervas alizitazama mpaka zikapotea, na hakuziona tena.