Nje, kwa Heshima

Kwenye simu ya kaka, tenisi ina mashine inayosema mpira umetoka au haukutoka. Uwanja wetu hapa Bukoba una saruji iliyopasuka, wavu uliotiwa viraka kwa kipande cha wavu wa dagaa, na mistari ya chokaa ambayo mvua imefuta nusu yake. Mashine ni mdomo wako. Mpira ukidondokea upande wako, wewe ndiye unayesema "ndani" au "nje". Sheria hiyo nadhani aliitunga mtu asiye na haya, na asiye na wazee.

Mimi nasoma kidato cha tatu. Darasani nikijua jibu naliandika pembeni ya daftari, halafu nalifunika kwa kiganja.

Mwalimu wa tenisi alisema imebaki nafasi moja ya kwenda kucheza Muleba Jumamosi. Tuliitaka wawili. Mmoja ni mimi, kwa kuwa bibi yangu anakaa Muleba na alikuwa ameahidi kuja kuona "huo mchezo wa kumchapa kifaranga," ndivyo anavyouita mpira wetu wa manjano wenye manyoya. Wa pili ni babu mmoja mstaafu, mzee wa kanisa, mwenye soksi za kufika magotini. Yeye aliitaka kwa sababu hajawahi kukosa.

Nilipiga magoti kumwamkia, kama tulivyofunzwa nyumbani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Haya, kaokote mipira tuanze."

Atakayefika gemu sita kwanza ndiye aende. Mpira wangu ulikuwa bado hewani, babu ameshahukumu: "Nje, mwanangu! Pole, waitu!" Hilo "waitu" ni Kihaya cha kumbembeleza mtu. Wake ukitoka, ananitazama tu, nami nasema, "Ndani." Ningemwambiaje amekosea mtu aliyemjua baba tangu akivaa kaptula?

Mwalimu alishika kichwa. "Wewe binti! Ule mpira tumeutoa kwenye migomba!"

"Uligusa mstari, mwalimu."

"Mstari upi?"

Lakini babu alikuwa na sheria zote, magoti hakuwa nayo. Nikawa namdondoshea mpira karibu na wavu, mahali ambapo hawezi kuuita nje wala kuufikia. Tukafika tano kwa tano. Gemu ya mwisho, nikabakiza pointi moja.

Babu akapiga. Mpira ulinipita, ukapita mstari, ukagonga bomba la maji. Ngo! Kila mtu alisikia. Babu akasimama akisubiri "ndani" yake, kama mtu anayesubiri chenji dukani.

Akilini nilimwona bibi Jumamosi, amekaa pembeni ya uwanja wa Muleba, amevaa kitenge chake cha harusi, anamtazama babu wa watu badala yangu. Niliweka raketi chini. Nikapiga magoti palepale kwenye saruji.

"Shikamoo, babu."

Alishtuka. "Marahaba."

"Mpira wako umetoka nje."

Angekataa vipi, na ameshaitikia? Alilitazama bomba, akazitazama soksi zake. "Mtoto ana adabu huyu," akasema. Mpaka leo anasimulia Bukoba yote kwamba nafasi ile alinipa yeye.

Jumamosi, Muleba, nilipangiwa msichana wa rika langu. Mpira wake wa kwanza ulitoka kidogo tu. Nilivuta pumzi, nikainua kidole, nikasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwangu: "Nje!"

Bibi akasimama na kitenge chake.

"We! Umemsalimia kwanza?"