Goti la Kaka Salimu

Leo nimepiga kelele sebuleni mpaka wajukuu wakanicheka.

Mchezaji kwenye runinga kaguswa kidogo tu, akagaagaa chini akilia.

"Inuka wewe!" nikamwambia.

Jamani, kaka yangu Salimu, kabla ya uhuru, alicheza pekupeku uwanjani Changamwe. Goti likateguka. Nikalifunga kwa leso yangu, akarudi mchezoni akatia bao. Tulirudi Likoni tukiimba njia nzima!

Salimu mwenyewe alikuwa kando yangu leo, mkongojo mkononi.

"Mdogo wangu, huyo ana daktari. Goti langu halijapona mpaka leo."



Akaendelea kutazama, kisha akasema polepole, "Lakini wallahi, ningerudishiwa siku ile, ningeingia tena."

Wachezaji wa leo wangapi wangesema hivyo? Niambieni.