Jioni Tulizojifunza Kumsikia Babu

Kuna sauti moja ambayo hata leo nikiisikia naacha ninachofanya: kaseti inayochezwa kwa betri zilizochoka. Juzi fundi redio aliye jirani na duka langu, hapa Moshi mjini, alikuwa akijaribu redio kaseti ya zamani. Kwaya iliyokuwa ikiimba humo ikaanza kuvuta maneno, akina mama wakawa na sauti za wanaume, kila neno likatoka zito na limelowa. Mteja wangu alicheka sana. Mimi machozi yalinilengalenga, kwa sababu hivyo ndivyo babu yangu alivyoongea miaka yake ya mwisho, na sijawahi kupenda sauti ya mtu kama nilivyoipenda ile.

Tulikuwa tukikaa Uru, mimi na mdogo wangu Deo, kwa babu na bibi, wazazi wa baba yetu, aliyekwenda kutafuta kazi mbali na hakurudi. Mama alikuwa akiuza mitumba, leo Kwa Sadala, kesho Sanya Juu. Ilikuwa ile miaka ya tisini ambayo kila mtu alikuwa amegundua kwamba naye ni mfanyabiashara. Alirudi Jumamosi, ananuka vumbi na nguo za Ulaya, na siku zilizobaki tulikuwa mali ya Bibi.

Babu alipata kiharusi msimu wa kuchuma kahawa. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia ukining'inia na mdomo umeenda upande. Huyu alikuwa mtu aliyesifiwa kwa kusema. Kwenye vikao vya ukoo ndiye aliyepewa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwanza na neno la mwisho. Sasa midomo yake ilikuwa haikutani, na kila sauti inayotaka midomo ifungwe ilimponyoka. Mama akawa "wawa". Mbege ikawa "wege". Mengine yaliungana yakawa mngurumo mmoja mrefu, naye akimaliza alitutazama akisubiri jibu, nasi tulitazama chini.

Bibi hakubadilisha kitu. Kila jioni, ndizi zikiwa zinatokota jikoni na ng'ombe ameshakatiwa majani, tulipiga magoti kwenye sakafu ya saruji kusali rozari, na aliyeongoza alikuwa Babu, kama alivyoongoza tangu Bibi alipoolewa. "Mwenye nyumba yupo," alisema Bibi. "Nani mwingine aongoze?" Basi Babu alianza "Salawu Waria", nasi tukaitikia. Deo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusali, hivyo aliipokea sala jinsi ilivyotoka kinywani mwa Babu, pamoja na mikwaruzo yake yote.

Sikumbuki siku niliyoanza kumwelewa. Ilikuwa kama kuingia jikoni kwa Bibi mchana wa jua kali: mwanzoni huoni kitu ila moshi, halafu unajikuta umeshika kata na hujui ni lini macho yalizoea. Nilijua tu kwamba kabla kahawa haijaisha kukauka, Babu alikuwa akinituma maji nami naleta maji, akinitania kuhusu meno yangu yaliyong'oka nami nanuna.

Ikafika Desemba. Wasomaji wangu mnatujua sisi Wachagga na Krismasi, hata aliyekufa moyo huko mjini lazima apande mlima. Wa kwanza kufika alikuwa Baba Mkubwa Aloyce, mtoto wa kwanza wa Babu, kutoka Dar es Salaam. Alitangulia peke yake, familia ije baadaye. Alikuja na gari, kreti za soda, na mpango.

Mpango wenyewe aliueleza jioni hiyo hiyo, Babu akiwa palepale kwenye kiti chake. Angemchukua Babu akakae naye Dar, karibu na madaktari. Bibi angefuata. Kihamba, lile shamba letu la ukoo la migomba na kahawa, kingepata mtu wa kukitunza, na ile kahawa, ambayo bei yake ilikuwa haieleweki tena, ingeng'olewa ipandwe nyanya. Wazee wa ukoo wangekutana baada ya Krismasi kupitisha.

Babu alisema, "Sitaki. Nitakufa hapa nilipozaliwa."

Mimi nilisikia vizuri kabisa. Baba Mkubwa aliinama akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya korongo: "Baba! Unataka maji?" Kisha akamgeukia Bibi. "Mama, ndiyo maana nasema. Mzee hayupo tena. Akili imeshaondoka."

Nilifungua mdomo niseme, na Bibi akanifinya paja mpaka nikaona nyota. Baadaye, jikoni, aliniambia, "Ukimsemea wewe, watasema ni maneno ya mtoto. Na babu yako atakuwa mtu wa kusemewa. Unataka awe hivyo?" Nilitikisa kichwa huku nikilia, kwa sababu paja liliuma na kwa sababu niliogopa. Kama Babu angeondoka, nyumba ile ingefungwa, nasi tungekwenda wapi?

Bibi alirudi sebuleni akamwambia mwanawe, "Aloyce, ya kikao tutayaona. Sasa hivi ni saa ya rozari. Piga magoti."

Jioni ile ya kwanza ilikuwa kichekesho. Baba Mkubwa alikuwa na haraka ya Dar, aliitikia kabla Babu hajamaliza, halafu akanyamaza pale alipotakiwa kuitikia. Deo akamtazama kwa dharau ya mtu anayejua kazi yake. Bibi alipenda kutuambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa jinsi Baba Mkubwa alivyokuwa akihangaika kwenye saruji ile, nilihesabu kwamba magoti ndiyo yangetangulia.

Jioni zilizofuata alianza kusubiri. Sala aliijua tangu utotoni, na ni Babu huyuhuyu aliyemfundisha, kwa hiyo hakuhitaji kubahatisha maneno. Kilichobaki kilikuwa kusikiliza yalivyotoka. Kabla ya kila fungu Babu alitaja nia ya kuombea, na mwanzo zilikuwa majina tu: baba yake, mama yake, binti yake na Bibi aliyefariki mdogo. Nilimwona Baba Mkubwa akiinua kichwa kwenye jina la dada yake.

Mkesha wa kuamkia siku ya familia yake kufika, tulifika fungu la tano. Babu akavuta pumzi, akasema polepole, "Tumwombee Aloyce. Ananipenda. Mungu amjalie uvumilivu, aniache nife kwenye migomba yangu."

Nilifumbua jicho moja. Baba Mkubwa alikuwa amepiga magoti vilevile, mtu mzima na kitambi chake, machozi yanamdondokea kwenye shati. Hakuna aliyemtafsiria. Alitambaa kwa magoti mpaka kwenye kiti cha Babu, akaushika ule mkono usiofanya kazi. "Nimekusikia, Baba," alisema. "Nisamehe. Nimekusikia." Bibi aliangalia rozari yake kana kwamba hajaona kitu, akatuambia tuendelee.

Kwenye kikao Babu alipewa kata kwanza. Alisema, na wazee waliposhindwa kumwelewa Baba Mkubwa aliwaomba watulie, wampe nafasi arudie. Alirudia mara tatu. Hakuhama, na kahawa haikung'olewa. Baba Mkubwa alituletea kijana wa kumsaidia Bibi shambani, na kila Desemba alikuja mapema kuliko wengine.

Utotoni niliamini kwamba Bibi alikuwa mcha Mungu tu, na mkaidi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoona alichotufanyia: aliyafundisha masikio yetu kwa maneno tuliyokwisha kuyajua, mpaka yakawa tayari kwa yale tusiyoyajua. Nilimuuliza kama alikusudia. Alicheka, akasema rozari ni rozari. Mpaka leo sijui, na namshukuru vyovyote iwavyo.

Babu alifia pale alipotaka, Deo akiwa darasa la tatu. Katekista alikuwa amepambana naye mpaka akajua kusali kama watu wengine, lakini nyumbani aliendelea kusali kwa ulimi wa Babu. Jioni ya msiba Bibi alimwambia aongoze fungu moja. Uwanja ulikuwa umejaa watu, wengi wageni. Deo akasimama, akajipangusa pua, akaanza: "Salawu Waria."

Wageni waliinua vichwa, wakatazamana, wakimwonea huruma mtoto wa watu. Baba Mkubwa, Mama, Bibi na mimi tuliitikia palepale.