Swali la Mke Mwenzangu

Mume wangu ni fundi cherehani wa sare za shule, na mtu akimsalimia njiani yeye humtazama kola kwanza. Nyumba yetu imejaa vitambaa vya buluu, mpaka nikipakua chakula nachambua nyuzi kwenye sahani.

Basi binti yetu, muuguzi katika nchi ya mbali, akatuletea mwanawe wa kike tukae naye mpaka yeye atakapopata nafasi ya kuja kumchukua. Mume wangu akamwita "mke wangu", mimi nikamwita "mke mwenzangu", kama mababu na mabibi wanavyowatania wajukuu, na mtoto akatuuliza kwa nini. Aliuliza kila kitu kwa nini. Huko alikotoka, alituambia, wanafunzi huvaa watakavyo, hukaa kwenye zulia, na mwalimu huitwa kwa jina lake.

"Watakavyo?" mume wangu aliniuliza, utadhani nimewavalisha mimi. Siku hiyohiyo akamshonea sare mbili, kesho yake akampeleka shule.

Mwalimu alifundisha jinsi mvua inavyotokea, kisha akaanza kufuta ubao huku akisema, "Kuna swali?" Kila mwalimu wa hapa husema hivyo akifuta ubao, ni kama kukung'uta chaki mikononi. Darasa zima likaitikia hakuna. Mke mwenzangu akanyoosha mkono, akauliza kwa nini mawingu hayaanguki yote kwa pamoja.

Mwalimu alitoka nje. Alikwenda kwa mwalimu wa nidhamu, wakaenda wote kwa mwalimu mkuu, na mume wangu akaitwa mbio, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Mzee," mwalimu mkuu alimwambia kwa sauti ya msibani, "mjukuu wako ameuliza swali."

"Kamuuliza nani?"

"Mwalimu. Darasani. Mbele ya watoto wa watu."

Mume wangu alitafuta kiti. "Tusamehe, mwalimu. Katoka mbali huyu."

Ikaamuliwa kwamba mtoto alifute swali lake mbele ya paredi, la sivyo atafutiwe shule nyingine. Na shule nyingine hapa kwetu haipo. Jioni nzima mume wangu alimfundisha kusimama wima, mikono nyuma. Mimi nilifoka, nikasema mtoto hajaiba cha mtu. Akaniambia ninyamaze, nisije nikaitwa na mimi.

Asubuhi, mbele ya shule nzima, mke mwenzangu alisema kwa sauti safi, "Nimelifuta swali langu, na mengine yote." Walimu wakapiga makofi. Mume wangu alirudi nyumbani kifua mbele, eti kola ilikaa vizuri.

Wiki hiyohiyo binti yetu akapiga simu. Mtoto akasimama wima, mikono nyuma, ikabidi mimi nimshikie simu sikioni, sauti ya mama yake ikisikika mpaka kwenye cherehani. Alijibu ndiyo mama, ndiyo mama, mpaka mama mtu akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mwanangu, leo huniulizi nakuja lini kukuchukua?"

Mtoto alimtazama babu yake.

"Muulize, mke wangu," alisema mume wangu. "Muulize tu."

"Hilo nalo nililifuta, Babu."

Nilitaka kulia, nilitaka na kumpiga mtu. Mume wangu aliinuka kwenye cherehani, akaja akaiinamia ile simu mkononi mwangu, akauliza yeye.

"Mama, unakuja lini?"