Siku Mama Faili Alipozima Ramani ya Faru

Ofisini walimwita Mama Faili, naye hakuchukia. Alitunza kumbukumbu za shirika linalolinda faru: makabati ya chuma yenye ramani za doria za miaka ya nyuma, na kompyuta iliyoonyesha kila faru alipo, kupitia kifaa kidogo kilichofungwa mguuni mwa mnyama.

Adhuhuri moja aliona jambo lisilowezekana. Mkurugenzi alikuwa ndani ya ndege, simu imezimwa. Hata hivyo jina lake lilikuwa limeingia kwenye ramani, na aliyelitumia alimfuatilia faru mmoja tu, jike mwenye ndama, kule bondeni.

Alimwita fundi wa kompyuta. Fundi alitazama. Akaeleza kwamba hawezi kulifungia jina la mkurugenzi, kwa kuwa ndilo lenye mamlaka ya juu. Dawa iliyobaki ni kuzima ramani yote, na hilo bila ruhusa hathubutu. Tena ikizimwa, askari wa doria nao hawataona kitu.

Mmoja wa askari hao alikuwa mdogo wake Mama Faili, kitinda mimba, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Amwache ndugu yake aingie porini akipapasa, na huko huenda kuna watu wenye bunduki?

"Zima," alisema. "Nitajibu mimi."

Kwenye redio hakutaja kitu, maana hakujua nani anasikiliza. Alichomoa kabatini ramani ya bonde, iliyochorwa kwa mkono na askari waliokwishastaafu, akamwambia dereva akanyage mafuta. Mdogo wake alikuwa akisubiri kwenye geti la hifadhi, uso umemkunjamana.

"Dada, mbona mmetuzimia ramani?"

"Kuna mtu anaitazama pamoja nanyi. Jike yuko kwenye kijia hiki, juu ya bwawa. Nenda, urudi."

Akabaki kwenye kibanda cha mlinzi. Redio kimya. Mlinzi alimtania kwamba akiendelea kutafuna kucha atafika kwenye kiwiko, lakini Mama Faili hakucheka. Chai aliyopewa ikapoa. Akajilaumu, akajitetea, akajilaumu tena.

Hatimaye redio ikakoroma. "Mama na mtoto tuko nao. Sisi sote wazima."

Akainywa chai ile ile iliyopoa. Majangili walikamatwa ukingoni mwa bonde, wakihangaika na simu iliyogoma kuwaonyesha njia. Baadaye ilijulikana kuwa mkurugenzi alifungua ramani kwenye kompyuta ya hoteli, akaondoka bila kuifunga, na aliyeikuta wazi akawapa majangili njia ya kuiona kwenye simu.

Aliporudi alimfokea Mama Faili mbele ya watu kwa kutosubiri ruhusa. Siku chache baadaye alikuja peke yake, akafunga mlango, akamwomba radhi kwa sauti ya chini. Mama Faili alimjibu kwamba yamekwisha, ila nenosiri lake abadilishe sasa hivi, yeye akiwa pale pale anamtazama.