Fundi Asiyeangalia Picha

Fundi wa antena hana haja ya kuiona televisheni. Yeye husikiliza watu. Hupanda juu ya paa, spana mfuko wa nyuma, akashika mlingoti kwa vidole viwili kama daktari anayepima mapigo ya mgonjwa, akauzungusha kidogo kidogo huku akiuliza kwa sauti, "Vipi hapo, mama?" Leo mama mwenye nyumba amesimama dirishani roho juu, maana bintiye anacheza fainali na mpira umeshaanza. "Inakatakata!" "Na hapa?" "Imeganda! Fundi, utaniua kwa presha!" "Usife bado, mama, nageuza." Antena ikaelekea upande wa kilima. "Sasa je?" Kimya. "Mama?" Kimya. Mama alikuwa amemwona mwanawe, jezi imempwaya, anakimbia na mpira, na habari za fundi zikamtoka kabisa akilini. Huko juu fundi akacheka peke yake, akatoa spana, akakaza nati. Siku zote hujua imeshika pale watu wanapoacha kumjibu. Mara nyumba nzima ikalipuka kwa shangwe, naye, mkono mmoja kwenye mlingoti, bila kujua nani kafunga, akapiga kigelegele.