Saini Tatu kwa Kalamu Moja

Sijasahau, mwanangu, asubuhi niliyoipiga meza ya mtendaji wa kijiji kwa kiganja mpaka kikombe chake cha chai kikaruka. Ulikuwa mgongoni kwangu, nimekufunga kwa kitenge, ukaamka ukaanza kulia. Mtendaji hakushtuka. Alifuta chai yake taratibu, akafungua faili, akaigeuza karatasi inielekee.

"Mama Neema, punguza sauti, hapa si gulioni. Soma mwenyewe. Huyo namba kumi na saba si wewe?"

Nilikuwa mimi.

"Na kumi na nane si mama mkwe wako? Na kumi na tisa si yule mama wa Kimaasai anayewaletea maziwa? Mbona mwandiko mmoja?" Akacheka. "Ndiyo faida ya kidato cha nne. Mwandiko umenyooka kama reli."

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika mbele yako, na nikatoka bila kuaga.

Najua wanaotoa nasaha huwa na mvi. Mimi sina hata moja. Nina hasira, na wewe bado hujaanza darasa la kwanza. Lakini naandika sasa, mambo yakiwa bado ya moto, kwa sababu yakipoa nitaanza kuyapamba, na nasaha iliyopambwa haimzuii mtu kufanya ujinga. Utayasoma ukikua.

Kijiji chetu unakijua: kipo kando ya barabara ya Kilosa kwenda Mikumi. Zamani ardhi ya hapa haikumsumbua mtu wa mbali. Barabara ilipoanza kutengenezwa, na treni mpya ikaanza kusimama Kilosa, walianza kuja watu wenye viatu visivyo na vumbi, wanasimama pembeni wanaonyesha kidole: hapa kwa nani, pale kwa nani. Lakini sisi tulikuwa na mpango wetu. Kabla hujazaliwa, mkutano mkuu wa kijiji ulikaa ukapanga matumizi ya ardhi: huku makazi, huku mashamba, kule malisho, na katikati ya mashamba njia pana ya ng'ombe kutoka malishoni mpaka mtoni. Ramani yake ilichorwa kwa rangi, ikatundikwa ukutani ofisini.

Bibi yako, mama mkwe wangu, alikuwa kwenye kamati iliyosimamia mpango huo. Ndiye aliyesema kwamba ramani ya ukutani haioni ng'ombe, na ng'ombe haoni ramani, kwa hiyo ipandwe alama. Wakaenda Kimamba kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, wakarudi na miche. Wakaipanda pande zote mbili za njia kwa zamu: mche mmoja mkulima, mche mmoja mfugaji, mpaka mtoni. Ukitaka kung'oa wa mwenzako, wako unaufuata. Kwa miaka yote ile ng'ombe walipita, mahindi yakabaki, na mimi nikaolewa hapa nikayakuta hayo nikayaona ya kawaida, kama mtu anavyoona ukuta wa nyumba aliyoikuta imejengwa.

Sasa sikiliza kosa langu.

Siku moja tuliitwa ofisini kujiandikisha mbolea ya ruzuku. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, wewe una homa. Ikapita karatasi ya mahudhurio: jina, jinsia, kijiji, saini. Juu, mahali pa kichwa cha habari, hapakuwa na kitu. Peupe. Nikaona. Nisikudanganye kwamba sikuona. Nikasema moyoni wataandika baadaye, nikasaini. Kisha nikamwandika bibi yako, aliyekuwa shambani, nikamsainia, maana hapa kwetu ndiyo adabu: ukiwa kwenye foleni unawakumbuka wa nyumbani. Mama Naserian, yule mama wa Kimaasai, alikuwa nyuma yangu na galoni zake za maziwa. Akaniita mama kwa Kimaasai: "Yeyo, mimi sijui kuandika na maziwa inaharibika. Nisainie." Nikamsainia. Nilijisikia mtu mwema, mwanangu. Nilirudi nyumbani nikijiona msaada kwa watu.

Miezi ikapita. Mahindi yakatoa mbelewele. Asubuhi moja nikafika shambani nikakuta nusu ya shamba imelala chini, na nyayo za ng'ombe zimejaa kama mvua ilinyesha kwato. Lile shamba ndilo chakula chetu cha mwaka. Nilikaa chini kwenye matuta nikalia kwanza, kisha nikainuka nikiwa na sura nyingine. Nikakutana na Mama Naserian njiani, galoni kichwani.

"Leo hata shikamoo sitaki kuisikia!" nikamwambia, wakati mimi ndiye mdogo ninayepaswa kumwamkia. "Ng'ombe wenu wamekula mtoto wangu!"

Akashusha galoni. "Wamekula mahindi. Mtoto umembeba mgongoni. Sema vizuri."

"Mmeshindwa kupita njia yenu?"

"Njia gani? Wameweka mawe. Mkonge wamekata. Ng'ombe ana kiu, utamwonyesha karatasi?" Sauti yake ikashuka. "Na wanaume wa bomani kwetu wananiuliza mimi. Mtendaji amewaambia jina langu lipo, kwamba nimekubali njia ifungwe. Mimi nimekubali lini? Ndugu wa mume wangu anasema nirudi kwetu, mwanamke aliyeuza maji ya ng'ombe hawezi kulala bomani."

Nilikwenda kwenye njia. Mkonge wote upande wa barabarani ulikuwa umekatwa, vichwa vimetupwa juani, na katikati ya njia yamesimama mawe meupe ya mipaka, yana namba, safi kama meno mapya. Vijana wa kwetu walikuwa wamekaa juu yake wananoa mapanga. Upande wa pili, vivulini, wamesimama vijana wa Kimaasai na fimbo zao. Kilosa hatuhitaji kuhadithiwa kinachofuata hapo. Damu ya mkulima na mfugaji imeshamwagika kwenye mashamba ya wilaya hii kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Ndipo nikaenda ofisini, nikapiga meza. Ile ramani ya rangi haikuwepo ukutani. Ulibaki msumari, na alama ya mstatili mahali ambapo ukuta haukuchakaa. Kwenye faili kulikuwa na muhtasari wa mkutano mkuu ambao haukufanyika. Ulisema wanakijiji wameridhia mapito ya mifugo yawe viwanja vya biashara. Nyuma yake imebanwa karatasi yetu ya mbolea, na pale palipokuwa peupe pameandikwa: Mahudhurio ya Mkutano Mkuu.

Nilipokuwa mlangoni natoka, mtendaji alinisindikiza na neno moja. "Mama Neema, kalalamike. Lakini ukisema hawakusaini wenyewe, ujue umekiri kughushi. Na kughushi ni jela. Una mtoto mdogo."

Mwanangu, mtu anayekukumbusha mtoto wako katikati ya ugomvi wa ardhi hakuonei huruma. Anapima bei yako.

Nilirudi nyumbani. Nilitegemea bibi yako atanikumbatia. Alikuwa anachambua maharage, akanisikiliza mpaka mwisho, akaacha ungo.

"Ulinisainia?"

"Ndiyo mama. Nilikuwa nakusaidia."

"Mimi najua kuandika. Mwalimu wa misheni alinichapa vidole mpaka nikajua, na baba yangu aliuza mbuzi ili nisikae nyumbani. Nani alikutuma uninyang'anye mkono wangu?"

"Nisamehe, mama."

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," akasema. "Sikupi pole. Ule mkonge nimeubeba mgongoni kutoka Kimamba, una miiba, kovu ninalo. Umeukata wewe kabla ya panga. Sasa keti tufikiri."

Nilikasirika naye siku ile. Leo najua kwamba kama angenipa pole ningelala, na ningelala mpaka damu imwagike.

Baba yako nilimpigia Morogoro alikokuwa kwenye ujenzi. Akasema, "Achana nayo. Viwanja vimeshapimwa. Wewe nani?" Nikamjibu, "Mimi namba kumi na saba." Akakata simu. Alinipigia tena jioni, akauliza tu nauli ya kwenda Kilosa ninayo.

Lakini kabla ya Kilosa ilibidi niende bomani. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha wangu chini ya jina la mwanamke mwingine. Nilimwamkia Mama Naserian mbele ya ndugu wa mumewe, safari hii nikapiga magoti. Nikasema kwa sauti ili wasikie wote: "Yeye hakukubali. Mkono ulioandika ni wangu. Aliniamini nikaandika kitu nisichokisoma."

Yule shemeji yake akatema mate pembeni. Mama Naserian akaniangalia, akasema, "Kumbe shule yenu inafundisha mkono kukimbia kuliko macho." Wakacheka wote isipokuwa mimi. Kisha akasema, "Hiyo barua utakayoandika, unisomee. Yote. Nitaweka dole mwenyewe."

Shemeji yake akamwambia, "Kaa." Neno moja tu, na habari ya kumrudisha kwao ikaishia hapo. Na vijana wake wakakubali kupitisha ng'ombe njia ya mbali, ya kuzungukia bondeni, mpaka barua ijibiwe. Vijana wa kwetu bibi yako aliwaendea mwenyewe, pale pale juu ya mawe. Sijui aliwaambia nini. Wawili walirudi nyumbani wameinamisha vichwa.

Barua niliichapisha Mikumi, kwa rafiki yangu wa sekondari mwenye duka la kuchapa, kwa sababu hapa kijijini kila karatasi ina masikio. Alipofika kwenye aya ya tatu aliacha kuchapa. "Shoga, hii si unajifunga mwenyewe? Tuiondoe." Nikamwambia ukiiondoa hiyo, barua nzima ni uongo kama muhtasari wao. Akachapa.

Kilosa, masjala ya wilaya, karani akaigeuza barua. "Mbona haijapitia kwa mtendaji wa kijiji?"

"Ndiye ninayemlalamikia."

"Utaratibu inapitia kwake."

"Kaka, ng'ombe akila mahindi, utamtuma ng'ombe akaripoti?"

Mzee mmoja kwenye benchi akaangua kicheko. Karani akasoma mpaka aya ya tatu, akakuangalia wewe ulivyokuwa umelala mgongoni, akaniuliza taratibu, "Una uhakika?" Nikasema ndiyo. Akagonga muhuri: Imepokelewa. Akanigongea na nakala yangu.

Sasa nasaha yenyewe, nikwambie bila kuzunguka. Usisaini karatasi ambayo kichwa chake ni cheupe, hata kama nyuma yako kuna foleni ya watu mia na jua linachoma. Usimsainie mtu. Asiyejua kuandika ana dole lake, na dole lake ni refu kuliko kalamu yako. Mkutano wa kijiji ukiitwa, nenda, na ukae mpaka usomwe muhtasari, maana ardhi yetu haichukuliwi kwa panga siku hizi, inachukuliwa ukiwa umekimbilia nyumbani kupika. Ukimwona ng'ombe shambani kwako, kabla hujamtukana mwenye ng'ombe, uliza nani amefunga njia. Na ukikosea, sema umekosea kabla mwingine hajalitumia kosa lako kukufunga mdomo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa nafsi hauna fundi.

Mungu akupe macho yanayotangulia mkono. Akupe rafiki wa kukuambia ukweli, na mkwe wa kukunyima pole inapobidi. Ardhi utakayoikanyaga ikujue kwa jina, na jina lako asiliandike mtu mwingine. Amina.

Nakala ya barua nakuwekea hapa. Majibu bado hayajaja. Vyovyote yatakavyokuwa, ujue mama yako alisema nini.

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya,
Kilosa.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAPITO YA MIFUGO KUGEUZWA VIWANJA BILA MKUTANO MKUU WA KIJIJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanakijiji, mkulima na mama wa mtoto mmoja. Nalalamika kwamba mapito ya mifugo yaliyo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji chetu yamepimwa viwanja. Hakuna mkutano mkuu uliokaa kubadilisha mpango huo.

Karatasi ya mahudhurio iliyoambatanishwa na muhtasari ilikuwa ya kujiandikisha mbolea. Ilipita kwetu ikiwa haina kichwa cha habari.

Nakiri kwamba namba kumi na saba, kumi na nane na kumi na tisa zimeandikwa na mimi peke yangu. Wenye majina namba kumi na nane na kumi na tisa hawakuwepo kwenye mkutano wowote na hawakuridhia chochote. Kama hilo ni kosa, nipo tayari kuitwa na kuulizwa. Naomba na waliojaza kichwa cha karatasi baada yangu waitwe siku hiyo hiyo.

Naomba upimaji usimamishwe, mawe yaondolewe, na ramani ya kijiji irudishwe ukutani, kabla watu hawajauana.

Namba kumi na saba: saini yangu, nimeisoma barua hii mara mbili kabla ya kuiweka.

Namba kumi na nane: saini ya mama mkwe wangu, kwa mkono wake.

Namba kumi na tisa: dole gumba la Mama Naserian, baada ya kusomewa yote.